Istilahi ya Lugha Inayojifasiri

Mkulima wa Mgwashi, katika milima ya Usambara, akitaka kutia mpini shoka lake la kwanza, hana budi kuazima shoka la jirani ili auchonge. Mpini wa pili atauchonga kwa shoka lake mwenyewe, madhali ule wa kwanza haujavunjika.

Ndivyo ilivyo kwa lugha za kompyuta ambazo programu ya kuzifasiri kwa mashine imeandikwa kwa lugha zizo hizo. Niklaus Wirth na wenzake kule Zürich walijaribu kwanza kuiandikia Pascal programu hiyo kwa Fortran, wasifanikiwe. Ndipo wakaiandika kwa Pascal yenyewe, nayo ikageuzwa kwa mkono katika lugha nyingine hadi ikafanya kazi, mwaka 1970. Go ilianza kwa shoka la C; hujifasiri tangu mwaka 2015.

Tuiiteje lugha ya namna hii? Kiingereza husema inajikaribisha yenyewe. Tukilifuata hilo neno kwa neno, mwanafunzi wa sekondari, ambaye tayari husomeshwa sayansi kwa lugha ya kigeni, atakariri asichokielewa. Nako kuianzisha hufananishwa na mtu ajiinuaye kwa kuvuta vigwe vya viatu vyake. Mfano huo hatuupendi, kwani unalificha shoka la jirani, nalo ndilo hasa la kufundishwa.

Wengine wataona yafaa kusema "lugha inayojitegemea". Neno hilo lina heshima kwetu tangu Azimio la Arusha la 1967, lakini hapa lingedanganya: bila kifasiri kilichotangulia, lugha hiyo haiamki.

Kiswahili kina hazina yake. Mfasiri huandika matini yote upya kwa lugha nyingine. Mkalimani hugeuza kauli kwa kauli, msemaji akiwa yu hapo. Kompyuta nazo zina programu za aina hizo mbili. Basi ya kwanza tuiite kifasiri, ya pili kikalimani, na lugha tuizungumziayo iwe lugha inayojifasiri. Twakubali kwamba neno hili laweza pia kumaanisha kujieleza, kama Kiswahili kinavyojieleza katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981. Hatuoni hasara. Kamusi hiyo nayo ilitanguliwa na ile ya Krapf ya 1882, iliyoeleza maneno yetu kwa Kiingereza.