Malaika wa Rembrandt na Mke wa Ayubu

Sisi walimu tunaposomesha Utendi wa Ayubu, aghalabu huandika ubaoni neno moja, subira, na kwa neno hilo somo likawa limekwisha. Tunaona kwamba neno hilo likiachwa peke yake huupunja utendi. Ili tuonyeshe upungufu huo, tutaanzia mbali kidogo, kwenye picha moja ya Ulaya ya karne ya 17.

Picha hiyo ni ya Rembrandt, mchoraji wa Amsterdam, naye aliitengeneza yapata mwaka 1652. Ukubwa wake hauzidi kiganja. Ilichorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, tindikali ikala pale sindano ilipopita, kisha bamba likatiwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi. Kisa chake ni cha Injili ya Luka: Yesu anasali bustanini usiku wa kukamatwa kwake, na malaika anamjia kumtia nguvu. (Wasomaji wetu Waislamu wana itikadi yao juu ya Nabii Isa na juu ya kuwachora mitume, hapa twazungumzia namna ya kuuonyesha uchungu, si itikadi.) Wachoraji wengi wa zama hizo, zama za sanaa ya Baroko, walipenda kumweka malaika juu mawinguni, amezungukwa na nuru. Rembrandt amemshusha chini. Malaika wake amemshika mwenye kusali kwa mikono yake, kama mtu amshikavyo jamaa anayetaka kuanguka. Wanafunzi wamelala fofofo, na kwa mbali askari wanakuja. Malaika hakuja kuwarudisha askari. Amekuja kumshika tu, na kwa maoni yetu ukweli wa picha uko hapo.

Watu wa pwani yetu hawakuyachora mateso ya mitume; waliyatia katika tendi. Ayubu hupoteza mali, watoto na afya. Katika Kurani yenyewe, Ayubu humwita Mola wake na kumweleza kwamba amepatwa na dhara. Basi kulia kwa Mola hakukuitangua subira yake. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi kwamba mwenye subira hunyamaza hakukitazama kisa vizuri.

Tena yupo mkewe, ambaye masimulizi humwita Rahma au Rehema. Watu wanapomkimbia Ayubu, yeye hubaki. Huwafanyia watu kazi apate chakula, na hata nywele zake huzitoa kwa ajili ya mkate. Hapo kisa chetu kimeipita ile picha. Malaika wa Rembrandt hapotezi kitu kwa kumshika mwenzake. Rehema hupoteza, na juu ya hayo mumewe humghadhibikia hata akaapa kumpiga. Mhakiki asiruke sehemu hiyo kwa kuona haya, kwani ndipo tunapoona bei anayolipa mwenye kumhudumia mgonjwa.

Jambo hili si la vitabuni tu. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi wa Kismayo na wa visiwa vya Fuma, Koyama, Chovai na Chula walikimbilia Kenya, wengi wao kwa vyombo vya baharini. Watoto na wajukuu wao wamekaa katika madarasa ya Mombasa. Mtoto wa nyumba hiyo akiambiwa kwamba Ayubu alistahimili kwa kunyamaza, atadhani kilio cha bibi yake kilikuwa upungufu wa imani. Lugha ya utendi nayo ni Kiswahili cha kaskazini, jirani wa karibu wa Kibajuni. Asemaye tini kwa chini huisikia kama lugha ya kwao, ilhali darasani lugha hiyo mara nyingi huhesabiwa makosa.

Kwa hiyo tunapendekeza somo lianze kwa beti za Rehema kabla ya zile za subira ya mumewe, na mtoto wa Kibajuni, akiwapo, apewe kuzisoma kwa matamshi ya kwao, bila ya kusahihishwa.