Kumbukumbu ya Shingoni

Tumesoma kitabu cha Gordon Bell na Jim Gemmell, wataalamu wa Microsoft, kilichotoka Marekani mwaka 2009 kwa jina Total Recall, ndiyo kusema kukumbuka yote. Kitabu si kipya tena, na Bwana Bell alifariki mwaka 2024. Lakini mawazo yake yangali yanatembea, hata hapa Kalemie, ndani ya telefone za vijana wetu. Basi yafaa tuyapime.

Bwana Bell alifanya kazi ya ajabu. Barua, hesabu, foto, vyote aliviweka ndani ya kompyuta. Tena alivaa shingoni mashini ndogo, SenseCam, iliyotengenezwa Cambridge huko Uingereza. Yapiga foto yenyewe, karibu kila nusu dakika, bila mtu kuigusa. (Tangu mwaka 1945 Vannevar Bush alikuwa amekwisha kuwaza mashini ya foto ya kufungwa kwenye paji la uso.) Bell afundisha kwamba yafaa kutunza yote. Kumbukumbu kwake ni ghala: aliye na ghala kubwa akumbuka zaidi. Hapo ndipo tunaposhindana naye.

Tutazame ushuhuda bora wa upande wake. Katika Cambridge, watu wa lopitali ya Addenbrooke's walimpa SenseCam mama mmoja wa miaka 63, ambaye ugonjwa wa ubongo ulimharibia kumbukumbu. Habari zake zilitangazwa mwaka 2007. Akiisha kutazama foto mara kwa mara, aliweza kukumbuka karibu 80 kwa 100 ya mambo yaliyompata, na miezi ilipita yangali kichwani. Mumewe alijaribu pia kwa daftari. Foto zikalishinda daftari mbali. Kazi hii twaisifu bila kusitasita. Lakini msomaji aangalie vizuri: mama yule hakuachwa peke yake na mashini. Mume aliketi naye, akamwuliza anakumbuka nini, wakatazama pamoja, wakarudia tena. Juu ya huyo anayeuliza, kitabu chasema kidogo mno.

Waluba, jirani zetu, hawakumsahau. Lukasa yao ni ubao mdogo wa kushikwa mkono wa kushoto, umepambwa kwa shanga na simbi. Mtu wa chama cha Mbudye alipitisha kidole juu yake, akasimulia habari za Nkongolo Mwamba na Kalala Ilunga. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo yaweza kuwa mfalme na wakubwa wake. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walionyesha, katika kitabu chao cha mwaka 1996, ya kuwa ubao mmoja haukusomwa sawasawa kila mara: msomaji aliangalia nani yuko mbele yake, na shauri gani limewaleta. Wengine wataita jambo hilo kasoro. Sisi twaona ndiyo nguvu yake, maana msomaji alisema mbele ya watu, nao waliweza kumkatiza na kumwuliza.

Kwetu jambo hili si mchezo. Miaka ya 2016 na 2017 vita ya Watwa na Waluba ilifukuza watu maelfu na maelfu, na wengi walikuja kukaa katika kambi kando ya Kalemie. Foto za nyumba zilizochomwa zapita mkono kwa mkono, na anayepokea hajui kijiji gani, siku gani, nani alipiga. Siku moja tulionyeshwa moja ya namna hiyo barazani. Watu watatu wakataja vijiji vitatu, na kijana mmoja akaapa ni ya juma lililopita. Hasira ilikuwa imekwisha kupanda kabla mama mmoja hajautambua mwembe nyuma ya ukuta, akataja mwenye nyumba na mwaka alioondoka.

Atakayekisoma kitabu hiki aanze na sura ya afya, ndiyo yenye uzito. Ile juu ya kazi za ofisi twaweza kuiacha.