Anza Kivulini: Namna ya Kupima Picha Iliyohaririwa

Hakuna mtihani mgumu kwa mpiga picha wa pwani kuliko kanzu na buibui katika fremu moja saa saba mchana. Kanzu inarudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoiangukia, buibui linaumeza karibu wote, na katikati kuna nyuso za watu, ambazo kwetu sisi zimekaa upande wa buibui zaidi kuliko upande wa kanzu. Picha hiyo ikishahaririwa, jicho la mtazamaji hukimbilia vinavyong'aa: dhahabu ya mkufu, bluu ya bahari nyuma ya watu, darizi za kofia. Huko ndiko wengi wetu tunakotolea hukumu, tena kwa neno moja: kali. Nadhani tunaanzia mahali pasipofaa. Sehemu angavu za picha ya kidijitali ni rahisi kupendezesha, na hata programu ya bure kwenye simu inaziweza. Anayetaka kujua kama picha imetengenezwa na fundi aanze kivulini: kwenye mikunjo ya buibui, chini ya kidevu, ndani ya mlango ulio wazi nyuma ya watu.

Sababu iko ndani ya kamera yenyewe. Kihisi huhesabu mwanga kama karani wa sokoni anavyohesabu ushuru: mwanga ukipungua nusu, namba nayo inashuka nusu. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384 za ung'avu, idadi inayoonekana kubwa mpaka ujue inavyogawanywa. Nusu yake, ngazi 8,192, inakwenda kwa stopu moja tu (stopu ni hatua ambayo mwanga unapungua nusu), ile ya juu kabisa inayobeba kanzu na anga. Stopu inayofuata inapata 4,096, ya tatu 2,048, na ukiteremka hadi ya nane, huko kwenye mikunjo ya buibui, zimebaki 64. Zaidi ya hapo, mwanga hufika kwenye kihisi kwa chembechembe zisizo na mpangilio, na palipofika chembe chache kutolingana kwake huonekana wazi. Hizo ndizo chenga tunazozijua kwenye picha za usiku. Mhariri anapoinua vivuli, basi, anatandaza akiba ndogo sana, kama mtu aliyepewa kikombe kimoja cha unga asonge ugali wa watu kumi. Kama kamera ilihifadhi JPEG, yenye ngazi 256 tu kwa kila rangi, hata kikombe chenyewe hakikujaa. Matokeo ya kulazimisha yana alama zake: weusi unageuka ukungu wa kijivu, chenga zinapata rangi ya zambarau na kijani, na programu ikitumwa kuziondoa, kitambaa kinalainika mpaka kinafanana na mfuko wa plastiki. Ukiziona alama hizo umemjua mhariri, na umemjua mpiga picha pia. Fundi angewasogeza akina shangazi wenye mabuibui kwenye kivuli cha baraza, au angepima mwanga kwa kuzitazama nyuso na kuiacha anga ipotee kidogo. Kivuli kinawahukumu watu wawili kwa pamoja, na ndiyo maana nakipa uzito huo.

Kuna atakayesema kwamba mjadala wote huu ni wa bure, kwa kuwa picha bora ni ile isiyoguswa. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini haina picha ya kuisimamia. Karibu kamera zote za rangi tunazotumia hufuata mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976: kila pikseli inapokea rangi moja tu, nusu ya pikseli zote zikipokea kijani, robo nyekundu na robo bluu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli hukadiriwa kwa hesabu kutokana na jirani zake. Kwa hiyo picha inapofika kwenye kioo cha simu, theluthi mbili ya rangi zake tayari ni makisio ya mashine. Na kabla ya mashine kulikuwa na mikono. Mnamo miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili, moja ya bahari na moja ya mawingu, kwa kuwa kemikali za wakati ule zilishindwa kupata vyote viwili kwa pamoja. Ansel Adams alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, kisha kwa miongo kadhaa akaendelea kuichapa upya katika chumba cha giza, na anga yake ikazidi kuwa nyeusi. Pwani yetu nayo haikungoja kompyuta. Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akikata na kuunganisha picha katika studio yake miongo kadhaa kabla Photoshop haijaingia sokoni mwaka 1990. Swali la kama picha imeguswa limekwisha zamani. Lililobaki ni kama mguso umefuata mwanga au umeupinga.

Kuufuata mwanga kunapimika, na hapa inafaa kutulia. Ardhi na kuta hurudisha mwanga pamoja na rangi zao. Mtu aliyesimama kwenye mchanga mweupe wa ufuoni ana weupe wa joto chini ya kidevu na chini ya nyusi. Aliyesimama kwenye nyasi ana ukijani hafifu hapo hapo. Na anayejitanda kanga nyekundu hubeba wekundu kidogo kwenye shavu lililo karibu na kitambaa. Wahariri wanaobandika watu kwenye mandhari mapya husahau jambo hili kuliko yote. Mtu aliyepigwa studio mbele ya pazia la kijivu huwekwa kwenye ufuo wa Nungwi, kivuli chake kinachorwa kwa uangalifu miguuni, lakini chini ya kidevu chake bado ana ukijivu wa pazia. Kisha tazama macho. Kila jicho lina kimulimuli cha mwanga ulioliangazia, na kimulimuli hicho ni shahidi asiyenunulika kirahisi: kikionyesha dirisha upande wa kushoto huku kivuli cha pua nacho kikiangukia kushoto, mmoja wao anadanganya. Weupe wa jicho nao hauwi mweupe sawasawa. Jicho ni mviringo, na kope la juu hulitupia kivuli, kwa hiyo mhariri anayelipaka weupe mtupu analifanya kuwa karatasi bapa. Mwisho tazama mahali kitu cheusi kinapokutana na anga, kama ncha za makuti au ukingo wa mnara wa msikiti. Utepe wa mwanga unaozunguka ukingo huo, kana kwamba jengo lina taji, ni dalili kwamba anga iligandamizwa na vivuli vikavutwa juu bila kujali mpaka kati yao. Kuna studio zinazouchukulia utepe huo kuwa pambo. Ni kosa lililozoeleka tu.

Ngozi ndiyo kiini cha kesi hii, na historia yake haikuwa ya haki. Kwa miongo mingi maabara za Kodak ziliweka sawa rangi za picha kwa kutumia kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ilipotoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imepimwa. Utafiti wa Lorna Roth wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2009, unaeleza kwamba msukumo wa kuboresha filamu ili ionyeshe rangi ya kahawia ipasavyo ulitokana kwa sehemu na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao. Mbao zilisikilizwa. Kamera za kidijitali zimepunguza tatizo, na mwaka 2021 Google ilitangaza kwa fahari simu ya Pixel 6 kuwa imetengenezwa kuzingatia ngozi nyeusi, lakini urithi wa zamani bado unaishi katika mazoea ya wahariri: uso ukionekana mweusi, unaangazwa. Kwa upande wa ufundi hilo ni kosa la kutoelewa ngozi. Umbo la uso mweusi husomeka sana kupitia mng'ao wake, ile michirizi ya mwanga juu ya paji, mfupa wa shavu na ncha ya pua, na mng'ao huo huchukua rangi ya chanzo cha mwanga; rangi ya ngozi yenyewe iko katikati ya mng'ao na kivuli. Mhariri anayeinua kila kitu kwa pamoja anaupunguza umbali kati ya hivyo viwili, na uso unakuwa bapa, wenye rangi ya majivu. Anayelainisha vinyweleo mpaka viishe anaondoa kile ambacho mng'ao ulikuwa ukikikalia, na kubakiza ganda la yai.

Wenye studio wana jibu, na si jibu la kubezwa: mteja ndiye anayetaka weupe, mteja ndiye anayelipa. Studio haijawahi kuwa mahakama ya ukweli. Watu waliokwenda kwa Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, walivaa vizuri kwa sababu walitaka kuonekana vizuri, na hawakukosea. Nakubali kwamba mteja ana haki ya kupendezeshwa. Lakini kupendezesha na kung'arisha si kazi moja. Chanzo kipana cha mwanga kilichowekwa kando ya uso, iwe ni dirisha au shuka jeupe, hutoa mng'ao mpana na laini, na kumfanya mwenye uso apendeze akiwa na rangi yake ileile. Mhariri akiongeza kidogo ung'avu wa mng'ao huo na kukiacha kivuli mahali pake, mteja atasema ametoka vizuri bila kujua ni kwa nini. Mara nyingi anayemwangaza bibi harusi kwa stopu tatu anafidia taa aliyoiweka vibaya, kisha ladha ya mteja inasingiziwa.

Pingamizi zito zaidi kwa kipimo changu linatoka Afrika Kusini. Katika mfululizo wa picha za nafsi uitwao Somnyama Ngonyama, Zanele Muholi huongeza utofauti wa mwanga na giza kwa makusudi mpaka ngozi yake inakuwa nyeusi kupita ilivyo. Je, huko si kuviangamiza vivuli? Ukitazama kwa makini utaona kwamba weusi ule haujafungwa. Ndani yake mng'ao wa shavu na wa bega umebaki na ngazi zake, macho yanatoka katikati ya giza yakiwa na uzito wote wa picha, na vitu alivyojivika, sponji, vibanio vya nguo, nyaya, vinasomeka kimoja kimoja. Giza limefanyiwa kazi, na limekuwa ndilo hoja. Lilinganishe na giza la kufichia. Mwaka 2015 waandaaji wa shindano la picha za habari la World Press Photo waliondoa moja ya tano ya picha zilizofikia hatua ya kabla ya mwisho baada ya kuzilinganisha na faili zake za awali, na mojawapo ya makosa yaliyotajwa lilikuwa kugandamiza vivuli hadi vitu vilivyokuwemo vikatoweka. Kwa mwandishi wa habari hilo ni udanganyifu. Kwa msanii linaweza lisiwe dhambi, ila kwa kawaida ni uvivu: kapu la taka lililokuwa nyuma ya mtu lingeondoka kama mpiga picha angesogea hatua mbili.

Kipimo hiki hakiwabani wanaobuni dunia nzima. Jeff Wall wa Kanada aliunganisha kwa kompyuta zaidi ya picha 100 ili kupata upepo mmoja katika kazi yake ya mwaka 1993 inayotokana na mchoro wa Hokusai, na nguvu ya picha ile iko katika mwanga wa kijivu usiobadilika kutoka karatasi inayopeperuka hadi mfereji ulio mbali. Osborne Macharia wa Kenya, aliyesomea usanifu majengo, ametubunia mabibi wenye fahari na miwani isiyopata kutengenezwa na sonara yeyote. Hakuna anayedhani mambo yale yalitokea, wala yeye hadai hivyo, lakini taa yake inaangukia kofia, ngozi na kitambaa kwa utaratibu mmoja, na ndiyo inayotufanya tukubali yaliyobaki. Uongo mkubwa unahitaji mwanga mkweli kuliko picha ya pasipoti inavyouhitaji. Picha zinazozalishwa na akili unde nazo zipitishwe hapohapo: zina ngozi nzuri ajabu siku hizi, ila wakati mwingine vivuli vya watu watatu waliosimama pamoja vinaelekea pande tatu.

Limebaki suala la kioo. Wengi watasema haya yote hayaonekani kwenye simu, na kwa sehemu wana haki, hasa mwangaza wa simu ukiwa umepandishwa hadi mwisho, maana vivuli vyote huonekana viko salama. Karatasi haina taa nyuma yake. Kamera nzuri ya leo inaweza kukamata kati ya stopu 12 na 14. Karatasi isiyong'aa hubeba pungufu sana ya hapo, na kinachoanza kumezwa ni upande wa chini. Kwa hiyo anayenunua picha ya kutundika aombe kipande kidogo cha majaribio, cha ukubwa wa kiganja, kilichokatwa kutoka sehemu yenye giza zaidi, achague buibui badala ya uso. Akitazame barazani mchana, kisha chini ya balbu ya sebuleni ambako picha itakaa. Kama mikunjo ya kitambaa bado inahesabika chini ya balbu ile, alipe.