Gia ya Pili

Dereva hapimwi kwa kupanda mlima. Kupanda ni kazi ya injini: ikiwa nzima na mafuta yapo, mjuzi na mgeni wote watafika juu. Kipimo ni kushuka. Nasema hivi nikimfikiria mke wangu, maana kwetu sisi yeye ndiye hushika usukani, mimi hukaa kushoto na chupa ya maji na karanga. Safari yetu ya Lushoto, na kutoka huko kuifuata pwani ya Tanga, niliitazama yote kutoka kiti hicho. Jirani zetu wa Tegeta huona ni kichekesho mwanamume mzima kuendeshwa na mkewe. Wacheke tu.

Yeye alikulia Mbagala, na udereva alifundishwa na baba yake, mzee aliyekula umri wake kwenye malori ya masafa marefu. Mbagala nayo ni shule. Ukiweza kupenya kati ya daladala na bajaji pale Rangi Tatu usimkwangue mtu kioo, ukajua bodaboda atachomoka upande gani kabla mwenyewe hajaamua, una cheti. Lakini mji wetu haufundishi mteremko. Ukiacha vilima vya Pugu na Kimara, mtu anaweza kuzeeka akienda na kurudi kati ya Temeke na Kinondoni asijue gia za chini zina kazi gani. Magari yetu mengi siku hizi ni otomatiki yaliyokwisha kutumika Japani, na ile herufi L kwenye gia hukaa pale kama pambo. Gari letu ni la gia za mkono, alikataa jingine.

Tulitoka na Barabara ya Bagamoyo, tukaikamata ya Tanga pale Msata. Kabla ya Segera kuna Wami. Daraja la zamani, la mwaka 1959, lilikuwa jembamba, la gari moja moja, na lilikaa chini kabisa ya mteremko, yaani mahali pabaya kuliko pote kwa mtu aliyechelewa kushika breki. Sasa kuna daraja jipya, pana. Hata hivyo mke wangu hupunguza mwendo palepale alipokuwa akipunguza baba yake.

Barabara kuu ina lugha yake, na mimi sijaiona kwenye kitabu chochote cha shule ya udereva. Dereva wa mbele yako akiwasha indiketa ya kulia ilhali hakuna pa kuingia kulia, anakwambia usiovateki, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, njia nyeupe, pita. Anayekuja mbele akikupigia fulu mara mbili, trafiki yuko na tochi yake kijijini, rudi kwenye hamsini. Matawi mabichi yaliyotandazwa lamini maana yake lori limelala mbele, pengine nyuma ya kona. Watu hawa hawajuani wala hawatakutana tena, na bado kila mmoja anamchunga mwenziwe. Kweli, wapo pia wanaokuua. Ila wanaokuokoa kimyakimya ni wengi zaidi, na hakuna gazeti linaloandika habari zao.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na katika kilomita hizo unapanda karibu mita 1,000. Chini ni joto la mkonge na mibuyu. Ukifika Soni, penye maporomoko, unafunga kioo. Lushoto unatafuta sweta. Wajerumani waliokuja kupumua hewa hiyo waliuita mji Wilhelmstal. Tulikula matunda damu, tukatembea hadi Irente kuangalia tambarare ya Mazinde ilivyolala chini ya miguu yetu. Pazuri mno, na kila aliyefika amekwisha kupasifia, kwa hiyo niache nirudi barabarani.

Asubuhi ya kushuka, kabla hata ya kuwasha gari, alikanyaga pedeli ya breki akaishikilia kwa muda, aone kama inazama. Haikuzama. Kisha akatia gia ya pili na kuiacha humo. Kanuni ya baba yake ni moja: shuka kwa gia uliyopandia. Gari la zaidi ya tani moja linaloteremka mita 1,000 lina nguvu ambayo lazima iende mahali. Ukiikabidhi breki, zinageuka moto. Mafuta ya breki yanachemka, na pedeli inashuka hadi sakafuni pasipo kitu kutokea. Ukiikabidhi injini, inanguruma tu. Kwa hiyo gari lilinguruma. Mguu wake wa kulia ulikaa karibu na breki bila kuigusa, na kabla ya kila kona alikanyaga mara moja, kwa nguvu kidogo, akaachia. Kukanyaga kidogo kidogo njia nzima ndiko kunakozipika. Kwenye kona zisizoonyesha upande wa pili alipiga honi, akasikiliza, ndipo akaingia.

Mbele yetu kulikuwa na Fuso iliyojaa kabichi, bila shaka zile zinazofikia Kariakoo au Temeke Stereo, ambako mama mkwe hununua na kulalamikia bei. Ilishuka taratibu, nasi nyuma yake, tukiacha nafasi. Nyuma yetu kijana mmoja alishindwa kuvumilia, akatupita, akaipita na Fuso. Tulimkuta chini Mombo amefungua milango yote, magurudumu yananuka kuungua, anamwaga maji kwenye rimu. Kumwagia maji chuma cha moto ni kosa la pili. Mke wangu alisimama akamwambia, taratibu kabisa: “Mdogo wangu, usiimwagie. Iache ipoe yenyewe.” Alitii.

Anayekaa kushoto naye ana ufundi wake. Hasemi “angalia!” wala “pole pole!” wala havuti pumzi kwa meno. Anataja kitu na mahali: mbuzi, kushoto, bodaboda, haina taa. Ndoa nyingi zingepona kwa sheria hiyo.

Kutoka Segera tulipitia Muheza, machungwa yamepangwa kando ya barabara, hadi Tanga, kisha kusini kupitia Machui, kwao Shaaban Robert, hadi Pangani alikowahi kuwa karani wa forodha. Tulivuka mto kwa kivuko kwenda Bweni. Pwani mkono ule wa mlimani haufai. Kwenye mchanga mzito, breki ni adui na kusitasita ni adui mkubwa zaidi. Alipunguza upepo wa matairi yote manne, akashika mwendo mmoja, usukani ukichezacheza wenyewe mikononi mwake, naye akiuacha uchague alama za waliotangulia. Mimi ningeukaba, tungezama. Hivyo hivyo tuliambaa hadi Saadani, mbuga iliyofika baharini.

Tulirejea kupitia Mandera. Lami ilipoanza alisimamisha gari, akashuka, akanipa ufunguo. “Sasa imenyooka, baba. Hata wewe utaiweza.” Akalala. Alizinduka Bunju, penye foleni, akaudai usukani wake.