Mzigo Wenye Uso

Mwezi wa Julai 2025, katika mji wa Shenzhen, Uchina, roboti 41 ziliingia katika treni ya chini ya ardhi pamoja na abiria. Kila moja ina kimo cha mita 1 hivi, na ndani yake mna bidhaa za maduka ya 7-Eleven yaliyomo stesheni. Hungoja mlango, huingia, hushuka penye kituo chake. Kabla ya hapo mchukuzi aliegesha gari juu barabarani, akashusha masanduku na kuyasukuma hadi chini. Kumpunguzia mja taabu hiyo si jambo la kulaumiwa, na tena roboti zile zilipangiwa saa zisizo na msongamano.

Lawama yangu iko kwenye uso. Waundaji wameziwekea kioo chenye macho na tabasamu. Jiulize, sanduku la vinywaji lina haja gani ya kutabasamu? Haja ni yetu sisi: mtu akiona uso, moyo humlainika akapisha. Hamali wa Mombasa akipita kichochoroni na mkokoteni wake huomba njia, na akikutana na bibi kizee husimama yeye. Ana haya, anajua nani wa kupishwa. Roboti imevishwa sura ya haya, na haya yenyewe haina.

Wala si hofu tupu. Oktoba 2019, huko Pittsburgh, Marekani, roboti ya kupeleka chakula ilisimama kwenye kimteremko cha kupandia ukingo wa barabara. Mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu alikuwa akivuka, asipate pa kupandia, na magari yako nyuma yake. Chuo kikasitisha majaribio. Roboti haikumkusudia ubaya, haikukusudia lolote, na hapo ndipo penye tabu, maana hapakuwa na wa kuambiwa, “Nipishe, mwanangu.”

Toronto, Desemba 2021, ilizikataza kabisa kwenye njia za waendao kwa miguu. Mimi sifiki huko. Lakini mzigo na uitwe mzigo. Mwenye duka aulipie nafasi yake, na mlangoni akiwapo mzee, mjamzito au mwenye mkongojo, mzigo ungoje treni ijayo. Na ule uso ufutwe. Mahali pake pawekwe jina la mwenye mali, na nambari ya simu ya mtu atakayeitikia.