Faranga Tano za Dhahabu na Msalaba Usio na Maandishi

Barazani kwa jirani yangu, mtaa wa Golf hapa Lubumbashi, mfuko wa kitambaa ulioachwa na marehemu baba yake ulimwagwa mezani. Zikatoka sarafu mbili, moja ya kahawia na moja ya njano, na msalaba mdogo wa shaba unaoenea kiganjani. "Nitenganishie," akaniambia, "ipi ni pesa na ipi ni kumbukumbu."

Sarafu zote mbili ni za 1961, Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo. Upande mmoja una ndizi, wa pili una msalaba wa Katanga na thamani: faranga 5. Wengi huanza kwa kusoma, na hapo ndipo hukwama, maana maandishi ya zote mbili yanadai jambo lile lile. Mimi huanza na mizani. Ile ya kahawia, ya shaba nyeusi, ilisoma takriban gramu 6.5. Ile ya njano, yenye upana ule ule, ilifika 13.3. Sarafu ya shaba iliyopakwa dhahabu haiwezi kuwa na uzito huo: rangi hubadili uso tu, haiongezi gramu saba.

Basi ya njano ni dhahabu, tisa kwa kumi. Kwa bei rasmi ya enzi hizo, dola 35 kwa aunsi, madini yake peke yake yalizidi dola 13. Hakuna ambaye angeipeleka sokoni kununulia kitu cha faranga 5. Ina thamani iliyoandikwa, lakini ilitengenezwa ihifadhiwe. Naiweka upande wa kumbukumbu, hata kama kisheria iliitwa sarafu.

Kazi ngumu ni msalaba, kwa kuwa haukuandikwa lolote. Umemiminwa, haukugongwa: upande mmoja unakwaruza, kingo zake si kali. Misalaba kama hii iliingia kwenye bendera na sarafu za 1961 kama nembo, lakini ilikuwa nini kabla ya hapo? Jibu zuri kuliko yote naliona kwenye kazi ya mwanaakiolojia Pierre de Maret juu ya makaburi ya bonde la Upemba, hasa Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ambako uchimbaji wa kitaalamu ulianza 1957.

De Maret hakutegemea sura ya msalaba peke yake. Alitazama ulilazwa wapi kaburini, na misalaba ya kipindi kimoja inatofautiana kiasi gani kwa vipimo. Katika makaburi ya awali ya kipindi kiitwacho Kabambian, misalaba ni mikubwa zaidi, na mara nyingi ni mmoja tu, juu ya kifua cha marehemu. Baadaye inakuwa midogo, mingi, karibu na mikono na nyonga, na vipimo vyake vinakaribiana sana. Kitu cha heshima hakihitaji kulingana na kingine. Pesa inahitaji, ili ihesabiwe bila kupimwa kila mara. Kwangu mimi hoja hiyo ndiyo roho ya uainishaji wote: mazoea ya watu waliokitumia kitu yamo ndani ya umbo lake.

Ndiyo maana inaniuma nikiona msalaba umesuguliwa ung'ae, au umeondolewa mahali pake bila mtu kuandika ulikotoka. Mmoja peke yake hauonyeshi kulingana, na ukitengwa na kaburi haukwambii ulishikwa na mkono gani.

Nilimuuliza jirani baba yake aliupata wapi. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mzee aliwahi kufanya kazi Bukama, upande huo huo wa Upemba. Nikaupima ncha hadi ncha, nikaupima uzito, nikaandika kadi: msalaba mdogo, wa kumiminwa, huenda ni pesa, Bukama, kama anavyokumbuka mtoto wa marehemu. Nikaifunga pamoja nao kwa uzi.