Mapumziko si Utulivu: Istilahi ya Mapigo ya Moyo kwa Vijana

Tuchukue sentensi ambayo mfasiri wa vitabu vya afya aweza kuiandika bila kusita: "Mapigo ya kawaida ya moyo wa kijana wakati wa mapumziko ni 60 hadi 100 kwa dakika." Tarakimu hazina kosa, ndizo zinazokubaliwa na matabibu kwa wenye umri wa miaka 10 na zaidi. Kasoro imo katika maneno matatu yanayozibeba.

Kwanza ni "mapumziko". Shuleni, mapumziko ni muda baina ya vipindi, ambapo wanafunzi hucheza na kukimbizana. Mwalimu akiifuata sentensi hii kama ilivyo, atapima mapigo wakati moyo unakwenda mbio, apate 120, na kumpeleka zahanati mtoto mwenye afya njema. Linalokusudiwa ni hali ya mtu aliye macho, aliyeketi au kujinyoosha kwa dakika chache, bila kazi wala hofu. Hali hiyo kwa Kiswahili ni utulivu. Kwa hiyo twapendekeza "mapigo ya utulivu".

Pili ni "kawaida". Likiambatanishwa na mapigo yenyewe, neno hili humfanya msomaji adhani kuwa kila aliye nje ya tarakimu hizo ni mgonjwa. Mwanariadha aweza kuwa na mapigo 50 na moyo wake ukawa mzima, kwa kuwa mazoezi huuwezesha kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Yafaa "kawaida" ihusishwe na idadi, na neno "mpangilio" litumike pale inapozungumzwa hitilafu ya mwendo wa mapigo.

Tatu ni "kijana". Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 humtaja kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, ilhali Shirika la Afya Duniani huweka rika la balehe kati ya miaka 10 na 19. Neno moja haliwezi kuwatumikia wote. "Kijana balehe" lafaa zaidi.

Huenda ikasemwa kwamba muktadha watosha kuondoa utata. Muktadha humsaidia tabibu, ambaye tayari ajua. Haumsaidii mwalimu, ambaye ndiye aliyeandikiwa. Basi na iandikwe: "Idadi ya kawaida ya mapigo ya utulivu kwa kijana balehe ni 60 hadi 100 kwa dakika."